Sir Roger yupi? Cheo cha kurithi cha ukoo wa Tichborne

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wanafunzi wa sheria na wa historia: shikamooni mnaostahili, na wengine wote hamjambo.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie vyeo vya kurithi vya Waingereza. Somo hilo ni pana mno. Nikianza na kina Duke wa hapa na pale, saa sita za usiku zitatukuta bado tuko kwenye utangulizi. Kwa hiyo nimechukua ukoo mmoja, Tichborne wa Hampshire, kusini mwa Uingereza, na cheo chao kimoja, ubaroneti. Hawa hawakuwa vigogo wa kukaa karibu na kiti cha enzi. Walikuwa wenye mashamba: nyumba kubwa kijijini, wapangaji, kanisa, na jina la zamani kuliko cheo chenyewe. Tena walikuwa Wakatoliki, katika nchi ambayo kwa muda mrefu ilimfungia Mkatoliki milango ya serikali. Ndugu yao mmoja, Chidiock Tichborne, aliuawa hadharani mwaka 1586 kwa kushiriki njama ya kumuua Malkia Elizabeth. Mwingine wa jina hilohilo, Robert, alitia saini hati ya kumuua Mfalme Charles wa Kwanza mwaka 1649. Msidhani basi kwamba ukoo wa cheo lazima uwe ukoo wa watiifu.

Ninachotaka kuwaonyesha ni hiki. Cheo cha kurithi kimeandikwa kwenye hati ya mfalme, lakini kinaishi kwa watu wanaokubali kukuita kwa cheo hicho. Siku wakigawanyika, huyu akakuita Sir na yule akakuita tapeli, ndipo utakapojua neno la nani linahesabiwa na la nani linatupwa.

Tuanze na bei, maana bei ilikuwepo. Mwaka 1611 Mfalme James wa Kwanza alikuwa na shida ya fedha. Alitaka kuwapeleka walowezi na askari Ulster, kaskazini mwa Ireland, na hazina haikuwa na kitu. Akatunga cheo kipya, baroneti. Mwombaji awe na ardhi ya kumwingizia pauni 1,000 kwa mwaka, awe na babu aliyekuwa na ngao ya ukoo, na agharamie askari 30 kwa miaka mitatu, kila askari peni 8 kwa siku. Wanaopenda hesabu wazidishe: 30 mara siku 365, mara miaka 3, mara peni 8. Wakati huo pauni moja ilikuwa na peni 240. Jibu ni pauni 1,095 kamili. Hiyo ndiyo bei ya kujiita Sir, wewe na wajukuu zako hadi dunia iishe. Na alama ya baroneti kwenye ngao mpaka leo ni mkono mwekundu, nembo ya Ulster, kana kwamba stakabadhi imebandikwa mlangoni.

Mtu alipata nini kwa fedha hizo? Jina lake litanguliwe na Sir, na mkewe aitwe Lady. Hakupata kiti kwenye Baraza la Mabwana bungeni, hakupata mshahara, hakupewa hata ekari moja. Baroneti yuko chini ya baroni na juu ya nait wa kawaida. Tofauti yake na nait ni moja tu, nayo ndiyo kila kitu: cheo cha nait huzikwa naye, cha baroneti hubaki nyumbani.

Ukoo wa Tichborne ulipewa cheo hicho tarehe 8 Machi 1621. Sababu yake ilianza miaka 18 nyuma. Malkia Elizabeth alipofariki mwaka 1603, Benjamin Tichborne alikuwa sherifu wa Hampshire. Habari zilipomfikia hakungoja amri kutoka London. Aliingia Winchester akamtangaza James kuwa mfalme. Angekosea, kichwa chake kingekuwa halali ya mnyongaji. Hakukosea, na James hakumsahau.

Sasa sheria yenyewe. Hati ya baroneti kwa kawaida husema cheo kitawaendea warithi wa kiume waliotoka mwilini mwa mwenye cheo wa kwanza, kwa ndoa halali. Kila neno hapo ni ukuta. Huwezi kukiuza. Huwezi kukiandika kwenye wosia ukampa mpwa unayempenda. Mtoto wa kulea hakipati, mtoto wa nje ya ndoa hakipati, binti hakipati. Baroneti mwenye mabinti saba na mdogo wake asiye na haya anajua tangu asubuhi cheo kinakwenda wapi.

Naona dada zangu wa mstari wa mbele mnatikisa vichwa, basi niwape mfano uliotokea kwetu. Januari 1941 Earl wa 22 wa Erroll (earl ni cheo cha juu kuliko baroneti) alikutwa ameuawa kwa risasi ndani ya gari lake nje ya Nairobi. Aliyeshtakiwa, kisha akaachiwa huru, alikuwa Sir Jock Delves Broughton, naye baroneti wa 11 wa ukoo wake. Wengi wanaijua kesi ile kwa sababu ya mapenzi na ulevi wa wazungu wa siku zile. Mimi hunivutia kilichofuata. Marehemu aliacha binti mmoja tu, Diana, na alikuwa na vyeo viwili. Uearl wa Erroll, ambao ni wa Uskoti na unaruhusu mwanamke, ukamwendea binti. Ubaroni wa Kilmarnock, uliotolewa kwa sharti la wanaume peke yao, ukamruka ukaenda kwa ami yake. Marehemu ni mmoja, mirathi imepita milango miwili, kwa sababu karani wa karne moja aliandika sentensi tofauti na karani wa karne nyingine.

Na ukuta huo wa ndoa halali haujachakaa. Mwaka 2016 suala la ubaroneti wa Pringle wa Stichill lilifika Privy Council ya London, baraza la kifalme linalotoa uamuzi wa kisheria. Vinasaba vilionyesha kwamba baroneti wa tisa hakuwa mtoto wa baroneti wa nane. Mwanawe, jenerali mstaafu, alikuwa amekibeba cheo hicho kwa miaka 50 na ushee, akafariki nacho mwaka 2013. Privy Council ikaamua cheo kihamie tawi jingine la ukoo. Nyanya wa watu kaburini, siri yake ya ndoa inasomwa mahakamani, kwa ajili ya herufi tatu mbele ya jina.

Wanasheria hapa mnaikumbuka Privy Council. Ndiyo iliyokuwa kituo cha mwisho cha rufaa zetu wakati wa ukoloni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikataa kuutambua wakfu wa familia uliowekwa Mombasa, kwa hoja kwamba mali iliyofungwa kwa ajili ya kizazi cha mwekaji haikuwa sadaka ya kweli. Lakini matajiri wa Uingereza walikuwa na njia zao za kisheria za kuifunga ardhi vizazi na vizazi, ili mashamba yafuate cheo, mrithi mlevi asiyauze. Sisemi zaidi. Linganisheni wenyewe mkifika maktaba.

Turudi Hampshire, maana hapo ndipo penye nyama.

Ukoo wa Tichborne una hekaya ya zamani. Inasemwa kwamba katika karne ya 12, Lady Mabella, mke wa Sir Roger wa wakati huo, alikuwa mahututi kitandani. Akamwomba mumewe awawekee maskini sadaka ya kila mwaka. Mume, mgumu wa mkono, akachomoa kijinga cha moto na kumwambia: nitatoa nafaka ya eneo lote utakaloweza kulizunguka kabla moto huu haujazimika. Mama yule hakuweza kusimama. Akatambaa. Alizunguka ekari 23, na shamba hilo mpaka leo jina lake linatokana na kule kutambaa. Kabla ya kukata roho akaacha laana: siku sadaka itakapokatwa, patazaliwa wana saba, kisha mabinti saba, jina la ukoo litapotea na nyumba itaanguka.

Kuna mchoro wa mwaka 1671, wa Gillis van Tilborgh, unaoonyesha sadaka hiyo ikitolewa mbele ya nyumba ya zamani. Utazameni mkiupata. Ukoo umesimama katikati na nguo zao nzuri, vikapu vya mikate viko chini, watumishi wapo, wanakijiji wapo, kila mtu amepangwa mahali pake. Kwangu mimi mchoro ule unaeleza ubaroneti kuliko hati ya mfalme. Pale ndipo cheo kinapotambuliwa: tajiri anatoa, maskini anapokea, na wote wanajuana kwa nyuso na majina.

Mwishoni mwa karne ya 18 sadaka ilisimamishwa, kwa kuwa watu wa kila namna walikuwa wanafurika kijijini siku hiyo na fujo zikazidi. Mwaka 1803 sehemu ya nyumba ikaanguka. Baroneti wa saba alikuwa na wana saba. Mrithi wake, baroneti wa nane, akapata mabinti saba. Mwana mwingine, Edward, akabadili jina akaitwa Doughty ili arithi mali ya mwanamke wa ukoo huo. Hapo familia ikaogopa, na mwaka 1835 unga ukaanza kutolewa tena. Muamini mzimu msiamini, ni juu yenu. Ila angalieni laana yenyewe imehesabu nini kuwa balaa: kuzaa wasichana. Anayeweza kutunga laana ya namna hiyo ni mtu anayeijua vizuri sheria ya mirathi ya cheo.

Baroneti wa nane hakuwa na mtoto wa kiume, hivyo cheo kikaenda kwa Edward, kisha kwa mdogo wao James. James alimwoa Henriette Félicité, mama aliyelelewa Ufaransa na aliyeichukia Uingereza kwa moyo wote. Mtoto wao wa kwanza, Roger, alizaliwa Paris mwaka 1829 akakulia kwenye Kifaransa. Kiingereza chake kilikuwa na lafudhi, na kijana mwenyewe alikuwa mwembamba sana. Alisomeshwa Stonyhurst, shule ya Wajesuti, akaingia jeshini kwenye kikosi cha farasi, na akampenda Katherine, binti wa baba yake mkubwa Edward. Hapa Pwani mtoto wa ami ndiye anayeulizwa kwanza. Kwa Wakatoliki ilihitaji ruhusa ya Kanisa, na wazazi nao hawakufurahia. Kijana akakata tamaa, mwaka 1853 akaondoka kwenda Amerika Kusini. Aprili 1854 alipanda merikebu iitwayo Bella kutoka Rio de Janeiro. Bella haikuonekana tena.

Baba akafariki mwaka 1862. Kisheria Roger akahesabiwa amekufa, na mdogo wake Alfred akawa baroneti wa 11. Mama peke yake alikataa. Alitoa matangazo kwenye magazeti mpaka ya Australia, akiahidi zawadi kwa atakayeleta habari za mwanawe. Na ukitangaza zawadi kubwa magazetini, habari lazima zitapatikana.

Mwaka 1865, katika mji mdogo wa Wagga Wagga huko Australia, mwenye bucha mmoja aliyeitwa Thomas Castro, aliyekuwa amezama kwenye madeni, akamwachia wakili wake dalili kwamba yeye si mtu wa kawaida. Kiko chake kilikuwa na herufi R.C.T., kama za Roger Charles Tichborne. Wakili akajumlisha mawili na mawili. Desemba 1866 mtu huyo akafika London. Mwezi uliofuata yuko Paris, hotelini, anadai anaumwa, amelala kageukia ukutani, chumba kina giza. Mama akaingia, akainama, akamtazama. Akamtambua palepale. Inasimuliwa kwamba alisema masikio yake ni ya ami yake. Barua zake zilikuwa zimejaa makosa ambayo Roger asingeyafanya, na Kifaransa, lugha ya utotoni mwake, hakukijua hata kidogo. Mama alikuwa na jibu: mwanangu anachanganya mambo kichwani kama aliye ndotoni. Akampangia pauni 1,000 kwa mwaka.

Wakati huohuo Alfred alikuwa ameshafariki, Februari 1866, mkewe akiwa mjamzito. Kwa miezi mitatu ubaroneti ulikuwa tumboni mwa mwanamke, unangoja kujulikana ni mvulana au msichana. Mei akazaliwa mvulana, Henry, baroneti wa 12 tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo mgogoro uliokuja kuigawa Uingereza ulikuwa kati ya mwenye bucha na mtoto mchanga.

Nataka kukaa kidogo kwa shahidi ambaye vitabu vingi humpitia haraka. Andrew Bogle alizaliwa utumwani Jamaica. Edward Tichborne, akiwa kule anasimamia mashamba ya Duke wa Buckingham, alimchukua tangu mtoto akaja naye Uingereza. Bogle alimtumikia kwa miongo, na Roger alimfahamu kwenye nyumba ya baba yake mkubwa. Alipostaafu alipewa pensheni ya pauni 50 kwa mwaka, akahamia Sydney. Huko ndiko yule mwenye bucha, Mdai kama magazeti yalivyokuja kumwita, alipomkuta. Bogle alimwangalia akasema: huyu ni bwana Roger. Akasafiri naye mpaka Uingereza, na familia ikaikata pensheni yake.

Upande wa familia walisema Bogle ndiye aliyekuwa akimnong'oneza Mdai mambo ya nyumbani. Inawezekana. Lakini hebu fikirini. Mzee yule alikuwa na riziki ya uhakika, akaipoteza kwa neno lake, na hakulirudisha katika kesi zote mbili. Alikufa mwaka 1877, Mdai akiwa gerezani. Mimi naona alimwamini kweli. Na kama alikosea, alikosea pamoja na mama mzazi. Tofauti ni kwamba mama alipotambua aliitwa mama mwenye uchungu, na mtumishi mweusi alipotambua aliitwa mshirika wa utapeli.

Mama akafariki Machi 1868, na Mdai akapoteza shahidi wake mkubwa. Kesi ya madai ilianza Mei 1871. Wanafunzi wa sheria sikilizeni: haikuwa kesi ya cheo. Ilikuwa kesi ya kumwondoa mpangaji, Kanali Lushington, kwenye nyumba ya Tichborne. Lakini ili umwondoe mpangaji lazima uwe mwenye nyumba, na ili uwe mwenye nyumba ile lazima uwe Roger. Kwa njia hiyo ya mlango wa nyuma, mahakama ilikaa siku 102 ikichunguza mtu ni nani.

Mdai alisimama kizimbani akiwa ameshanenepa kupita kiasi, na kijana wa mwaka 1853 alikuwa mwembamba. Hilo si ushahidi, wengi wetu humu ndani miaka 20 iliyopita tulikuwa wembamba. Maswali ya dodoso ndiyo yaliyommaliza. Kilatini cha Stonyhurst hakikuwepo, majina ya walimu yalimpotea. Kisha Lord Bellew, aliyesoma na Roger, akatoa ushahidi kwamba yeye mwenyewe alimchora Roger tatuu mkononi. Mkono wa Mdai ulikuwa safi. Wazee wa baraza la kesi wakasema wametosheka, na tarehe 6 Machi 1872 kesi ikaanguka. Mdai akakamatwa kwa kusema uongo chini ya kiapo.

Kesi ya jinai ilichukua siku 188. Ilipofika mwisho, baraza lilihitaji kama nusu saa tu kuamua kwamba huyu ni Arthur Orton, mtoto wa mwenye bucha wa Wapping, mashariki mwa London. Akahukumiwa miaka 14.

Kwa maoni yangu uamuzi ulikuwa sahihi. Ila uamuzi sahihi haukuwashawishi watu wa chini. Wafanyakazi walikuwa wamenunua hati fungani za Tichborne, zinazoahidi kulipwa kwa faida siku Mdai atakapopata urithi wake, na zikaingiza kiasi cha pauni 40,000. Walikutana kwa maelfu kumshangilia. Hivi kabwela wa viwandani anatafuta nini kwenye cheo cha baroneti? Mimi nadhani walijiona wenyewe: mtu mwenye mikono ya kazi, anayesema kama wao, anaambiwa na mabwana kwamba hawezi kuwa mmoja wao kwa sababu hajui Kilatini. Wakili wake, Edward Kenealy, alifutwa uwakili kwa mwenendo wake mahakamani, na mwaka 1875 wapiga kura wa Stoke wakampeleka bungeni. Akaleta hoja iundwe tume ya kuichunguza kesi. Hoja ikapigwa kwa kura 433 dhidi ya moja.

Mdai alitoka gerezani mwaka 1884. Mwaka 1895, kwa fedha, alilikiri gazetini jina la Orton, kisha akakana aliyoyakiri. Alikufa fukara tarehe 1 Aprili 1898 akazikwa kwenye kaburi la maskini, maelfu wakimsindikiza. Jeneza lake lilikuwa na kibao, na jina kwenye kibao lilikuwa Sir Roger Charles Doughty Tichborne. Baada ya siku zile 290 za mahakama, jina alilonyimwa akiwa hai liliandikwa juu yake kwa ruhusa ya familia ileile iliyomshinda.

Yule mtoto mchanga, Henry, alibaki na cheo mpaka mwaka 1910. Baada yake wakaja Joseph na Anthony. Sir Anthony, baroneti wa 14, alifariki mwaka 1968 akiacha mabinti, na ubaroneti wa Tichborne ukafutika kwenye orodha. Nyumba na mashamba yaliweza kurithiwa kupitia mabinti, herufi tatu haziwezi. Unga wenyewe haukukatika. Tarehe 25 Machi wakazi wa Tichborne na Cheriton hupanga foleni na mifuko yao, galoni moja kwa mtu mzima na nusu kwa mtoto, na hakuna Sir wa ukoo huo wa kuwagawia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nakaribisha maswali, na aanze yule dada aliyeinua mkono tangu nilipomtaja Bogle.